Chaja ya gari ya sola imegoma kusasishwa: mwongozo kamili, tangu kabla ya kubonyeza hadi birika lichemke

"Fundi, ilifika asilimia 40 ikaganda. Nikazima, nikawasha. Sasa hata taa haziwaki."

Ujumbe wa namna hii naupata karibu kila wikiendi, na mara nyingi chaja yenyewe ni nzima. Kilichogoma ni Wi-Fi isiyofika getini, bando lililokwisha, au saa ya chaja iliyopotea umeme ulipokatika. Kisha mwenye nyumba anaongeza tatizo la pili kwa mkono wake mwenyewe: anashusha breka kazi ikiwa katikati.

Mwongozo huu ni wa chaja za ukutani za nyumbani, zile za fezi moja zisizozidi kilowati 7.4, zilizofungwa pamoja na sola ili gari litumie kwanza ziada ya jua, yaani umeme wa sola ambao nyumba haijautumia. Majina ya menyu hutofautiana kati ya kampuni na kampuni, lakini tabia zao zinafanana kuliko wauzaji wanavyopenda kukubali. Ninaposema programu ya ndani, namaanisha ile inayoishi ndani ya chaja yenyewe, ile ambayo mafundi wengi huiita femwea. Ya kwenye simu nitaiita programu ya simu.

## Vitu vya kuwa navyo mkononi

- Picha ya stika ya chaja, yenye modeli kamili na namba ya utambulisho. Herufi moja ya mwisho kwenye modeli inaweza kumaanisha chaja nyingine kabisa.
- Namba ya siri ya chaja. Kwa nyingi iko kwenye stika ndani ya kijitabu kilichokuja na boksi, kile ambacho watu hukitupa pamoja na boksi.
- Jina la akaunti na nenosiri la programu ya simu, pamoja na nenosiri la Wi-Fi na la kuingilia kwenye mipangilio ya ruta.
- Simu mbili. Moja ya kuongozea kazi, nyingine yenye bando la kugawa intaneti. Faili la programu ya ndani kwa kawaida ni dogo, megabaiti chache hadi makumi, kwa hiyo bando dogo linatosha.
- Birika la umeme au pasi. Utaona kazi yake mbele.
- Karatasi na kalamu.
- Saa moja na nusu ambayo hutahitaji gari.

Bisibisi haimo kwenye orodha, na sikuisahau. Hakuna hatua hata moja hapa inayokutaka ufungue kifuniko cha chaja au cha boksi la umeme. Ukiona unahitaji kufungua, kazi imehama kutoka kwako imekwenda kwa fundi umeme mwenye leseni.

## Hatua ya 1: Jua kilichogoma ni kipi

Nyumba yenye sola na gari la umeme ina angalau programu nne zinazosasishwa kila moja kivyake: ya simu, ya chaja, ya inveta (kile kifaa kinachogeuza umeme wa paneli na betri uwe wa matumizi ya nyumbani) na ya gari. Kuna chaja ambazo ndani yake zina mbili: moja inaendesha umeme, nyingine inashughulikia Wi-Fi. Ndiyo maana ukurasa wa matoleo huonyesha namba mbili. Nimewahi kumkuta mtu amehangaika siku tatu na chaja, kumbe ujumbe mwekundu aliokuwa akiuona ulikuwa wa inveta.

Andika kwenye karatasi namba ya toleo lililomo sasa, kisha tazama dalili:

Sasisho linaonekana lipo lakini halianzi kabisa: tazama mtandao, au gari bado limechomekwa. Linaanza na kukwama njiani: mawimbi ya Wi-Fi ni dhaifu. Linamaliza, lakini namba ya toleo ni ileile ya zamani: chaja imelikataa na kujirudisha ilikokuwa. Linamaliza vizuri, ila gari halifuati jua tena: mipangilio imefutika. Taa zote zimezima: umeme haufiki kwenye chaja.

Umefanikiwa ikiwa unaweza kusema kwa sentensi moja ni dalili ipi kati ya hizo uliyonayo. Bila hivyo utakuwa unabahatisha.

## Hatua ya 2: Piga picha kila ukurasa wa mipangilio

Hii ndiyo hatua watu wanayoiruka, na ndiyo inayowagharimu zaidi. Matoleo mengine huacha mipangilio kama ilivyo, mengine huirudisha ya kiwandani bila hata kukuaga.

Piga picha ya ampea za juu za chaja, kikomo cha umeme wa nyumba nzima, hali ya sola (ile ya kuchaji kwa ziada ya jua) na kiwango chake cha kuanzia, ratiba, saa za eneo, anwani ya inveta kwenye mtandao, na ukurasa unaoonyesha kila CT inapima nini. CT ni kile kibano kidogo kinachokumbatia waya mkuu kwenye boksi la umeme ili chaja ijue umeme unaingia au unatoka.

Kuhusu ampea nisikupitishe haraka. Kuna nyumba moja Mbezi ambayo chaja ilikuwa imepunguzwa hadi ampea 16 kwa sababu swichi kuu ni ya ampea 40 tu. Baada ya sasisho ikarudi kwenye 32 yake ya kiwandani. Jioni wakawasha viyoyozi viwili na pasi, gari nalo likachomekwa, nyumba nzima ikaingia giza. Wakawasha tena, giza tena. Walidhani mita imeharibika. Hapo swichi kuu ilifanya kazi yake vizuri, ila hutaki kuitegemea kila usiku.

Onyo: kama hujui ampea zilizowekwa na fundi aliyefunga chaja, muulize kabla ya kusasisha. Waya uliolazwa ukutani ndio unaoamua kiwango hicho. Tamaa yako ya kujaza gari upesi haimo kwenye hesabu.

## Hatua ya 3: Chagua saa

Saa tatu asubuhi, siku ya kazi, siku yenye jua. Jua utalihitaji kwa majaribio ya mwisho, na siku ya kazi ina maana kwamba muuzaji anapokea simu.

Umeme usikatike katikati. Chaja nyingi za kisasa zina nafasi mbili za programu ya ndani: ile inayofanya kazi, na ya pili ambamo toleo jipya huandikwa pembeni. Likiandikwa lote na kuhakikiwa, chaja hujizima, huwaka kutoka nafasi ya pili, na ikiona mambo hayaendi hurudi kwenye ile ya kwanza. Kwa chaja hizo, umeme ukikatika wakati faili linashuka, hupotezi kitu. Hatari iko kwenye zile za bei nafuu zenye nafasi moja tu, ambazo hufuta la zamani huku zikiandika jipya. Kwa kuwa stika haikuambii yako ni ipi, ichukulie kama ya nafasi moja.

Usijiliwaze kwamba una betri ya nyumba. Mara nyingi chaja haifungwi upande wa nyumba unaolindwa na betri, na ni sahihi kabisa: chaja ya kilowati 7 ingemaliza betri ya kilowati-saa 5 kabla saa moja haijaisha. Umeme wa gridi ukiondoka, chaja nayo inaondoka.

## Hatua ya 4: Chomoa gari

Chomoa waya kwenye gari. Kama chaja yako ina tundu na waya wake hutoka, uchomoe pande zote mbili. Futa au simamisha ratiba, na uweke chaja kwenye hali ya kusimama.

Sababu ni kwamba chaja nyingi hukataa kujisasisha zikiwa kazini, na kwa chaja "kazini" ni pamoja na gari lililochomekwa huku likisubiri jua. Programu ya simu haikuambii hivyo. Inakuonyesha tu duara linalozunguka.

Umefanikiwa ikiwa taa au skrini inaonyesha kwamba chaja iko tayari, na si kwamba inasubiri gari.

## Hatua ya 5: Mtandao, penye tatizo lenyewe

Kati ya sasisho kumi zinazokwama mikononi mwangu, nyingi hufia hapa. Twende taratibu.

### Bendi ya Wi-Fi

Chaja nyingi husikia Wi-Fi ya gigahezi 2.4 peke yake. Ruta mpya hutoa 2.4 na 5 kwa jina moja na kuvisukuma vifaa kwenye ile ya kasi. Simu yako inafurahi, chaja inachanganyikiwa. Ingia kwenye ruta, tenganisha bendi hizo mbili kwa majina tofauti, na uiunganishe chaja na ya 2.4. Kama ruta imewekwa kwenye usalama wa WPA3 pekee, irudishe WPA2 au mchanganyiko wa yote mawili. Jina la Wi-Fi lisiwe limefichwa.

### Nguvu ya mawimbi

Chaja iko kwenye banda la gari, ruta iko sebuleni, katikati kuna kuta mbili za matofali, nguzo ya zege na mlango wa chuma. Simu yako ukisimama pale itaonyesha vijiti viwili, nawe utasema mtandao upo. Antena ya simu ni bora kuliko ya chaja iliyofungwa ndani ya boksi. Ukurasa wa hali ya chaja ukionyesha namba ya mawimbi, soma hiyo: karibu na -50 ni safi, -67 inatosha, -80 utateseka. Na gari lenyewe ni ukuta wa chuma. Likiegeshwa kati ya ruta na chaja namba hiyo inashuka.

### Ujanja wa hotspoti

Huu ndio uliookoa safari zangu nyingi. Chukua simu ya pili, washa hotspoti, na uipe jina lilelile na nenosiri lilelile la Wi-Fi ya nyumbani, herufi kwa herufi, kubwa kwa kubwa. Kisha zima ruta. Chaja itadhani ruta imehamia karibu, na itajiunga yenyewe bila wewe kugusa mipangilio yake. Weka simu hiyo juu ya chaja.

Kwenye Android chagua bendi ya 2.4 ndani ya ukurasa wa hotspoti. Kwenye iPhone za karibuni kuna kitufe cha kuongeza upatanifu. Bila kukiwasha, simu itatangaza 5 na chaja haitaiona.

### Bando

Alama ya Wi-Fi kwenye chaja inasema tu kwamba imeiona ruta. Haisemi kama ruta ina intaneti. Fungua tovuti yoyote kwa simu iliyounganishwa na Wi-Fi hiyo, huku data ya simu umeizima. Usicheke, jaribu.

### Saa ya chaja

Hili halimo kwenye vijitabu vingi. Kabla ya kupakua, chaja huikagua hati ya usalama ya seva, ile kompyuta ya kampuni inayotoa sasisho, na hati hiyo ina tarehe ya kuanza na ya kuisha. Chaja iliyokaa bila umeme inaweza kusahau saa na kuamka ikidhani ni Januari 1, 1970. Kwake yeye hati ya seva haijaanza kutumika, kwa hiyo inakataa kuongea nayo, na wewe unaona tu maneno "imeshindikana". Dawa ni kuiacha chaja mtandaoni dakika 15 ijichukulie saa kabla hujabonyeza chochote. Ikiwa ruta ya nyumbani imewekewa vizuizi vikali, saa inaweza isipite kabisa, na hapo hotspoti ndiyo njia.

Umefanikiwa ikiwa programu ya simu inaonyesha chaja iko mtandaoni, na tarehe na saa kwenye chaja ni za leo.

## Hatua ya 6: Sasisha, kisha ondoa mikono

Anza na programu ya simu, kupitia duka la simu. Kisha chaja. Inveta iache siku nyingine. Ukisasisha viwili siku moja na kitu kikaharibika, hutajua umlaumu nani.

Soma maelezo mafupi ya toleo jipya. Kama chaja yako imekaa miaka miwili bila kuguswa, inawezekana isiweze kuruka moja kwa moja hadi toleo la leo. Inabidi ipite toleo la katikati kwanza. Muuzaji anaweza kukupa njia hiyo.

Bonyeza mara moja tu. Kuna watu wanaobonyeza kama wanaita lifti.

Baada ya hapo chaja inaweza kujizima na kujiwasha mara mbili au tatu, taa zikabadilika rangi, na programu ya simu ikasema haiioni. Yote hayo ni kawaida. Kanuni yangu ni dakika 60: kabla hazijatimia, breka haiguswi.

Kama chaja yako inapokea faili kutoka kwenye simu kwa Bluetooth, simama karibu nayo, mita moja au mbili, skrini ya simu ikiwa imewaka, na usihame kwenda programu nyingine. Simu ya mama mkwe utaipiga baadaye.

Umefanikiwa ikiwa namba ya toleo kwenye ukurasa wa hali imebadilika. Neno "imekamilika" peke yake halitoshi.

## Hatua ya 7: Ikikwama

Kwanza tenganisha mambo mawili: simu iliyokwama na chaja iliyokwama. Asilimia 40 unayoiona inaweza kuwa picha ya zamani. Funga programu ya simu kabisa, ifungue upya, kisha itazame chaja yenyewe. Mara nyingi imeshamaliza zamani, inakusubiri.

Ikiwa dakika 60 zimepita na haijatulia, fuata mpangilio huu, usirukie mbele:

1. Zima ruta au hotspoti, subiri dakika moja, washa. Ipe chaja dakika 10.
2. Gari likiwa limechomolewa, shusha breka ya chaja. Hesabu dakika mbili kamili, kwa sababu ndani kuna vipuri vinavyobaki na chaji kidogo, na ukiwasha upesi chaja haijazimika kweli. Pandisha, subiri dakika tano.
3. Soma namba ya toleo. Kama ni ya zamani na chaja inafanya kazi, hiyo ni habari njema: imejirudisha. Rudi hatua ya 5, safari hii kwa hotspoti.
4. Jaribu kwa jumla mara tatu. Ya nne haijawahi kunisaidia.

Taa zisipowaka kabisa, tazama kama breka au kile kikata umeme cha uvujaji kimeshuka. Kipandishe mara moja tu. Kikishuka tena, kiache chini na umwite fundi. Hilo si suala la programu tena.

Kufuta kila kitu na kurudisha chaja kiwandani kuwe kwa mwisho kabisa. Kunafuta Wi-Fi, ampea, CT na uhusiano na akaunti yako, na bila namba ya siri ya kwenye kijitabu unaweza kujikuta nje ya chaja yako mwenyewe.

Onyo: usipakie faili ulilotumiwa kwenye kundi la WhatsApp, hata likiwa na jina la chaja yako. Chaja nzuri italikataa. Ile isiyokagua italikubali, na hapo ndipo balaa linapoanza.

## Hatua ya 8: Rudisha mipangilio

Toa picha za hatua ya 2, linganisha ukurasa kwa ukurasa. Anza na ampea, kwa sababu ya ile nyumba ya Mbezi.

Saa za eneo zina mtego wake. Afrika Mashariki iko saa tatu mbele ya saa ya dunia (UTC). Chaja ikirudi kwenye saa ya dunia, ratiba uliyoandika 10:00 itaanza saa 13:00 za kwetu, yaani saa saba mchana, na jua bora la siku utakuwa umelipoteza. Ukiona pengo la saa tatu kamili, umeshapata jibu. Ila kama pengo ni la saa sita, chaja haina kosa: umeandika saa nne ya Kiswahili kwenye kifaa kinachohesabu kuanzia usiku wa manane. Nimeliona hilo kwa mhandisi, kwa hiyo usione haya.

Kama chaja huzungumza na inveta kupitia mtandao wa nyumbani, hakiki anwani ya inveta. Ruta ikizimwa na kuwashwa, inaweza kuipa inveta anwani mpya, nayo chaja ikaendelea kubisha hodi kwenye nyumba iliyohamwa. Ingia kwenye ruta uitengee inveta anwani moja ya kudumu.

## Hatua ya 9: Jaribio la birika

Sasa ndipo tunajua kama chaja inaliona jua kweli. Gari bado halijachomekwa. Jua liwepo. Fungua ukurasa unaoonyesha umeme wa gridi.

Tuseme unasoma kwamba wati 2,500 zinatoka kwenda nje kama ziada. Washa birika la wati 2,000. Ndani ya sekunde chache ziada inatakiwa ishuke hadi karibu 500. Zima birika, irudi 2,500. Hapo CT inasoma sawasawa.

Ziada ikipanda badala ya kushuka, chaja inasoma kinyume: toleo jipya limegeuza alama, au CT imepewa kazi nyingine. Rekebisha kwenye menyu, palipo na kipengele cha kugeuza mwelekeo. Usikimbilie kugeuza kibano chenyewe, maana jana kilikuwa sahihi, na hakuna aliyekigusa.

Kusoma kinyume si jambo dogo. Chaja itadhani kila umeme unaonunua ni ziada ya jua, na itazidi kuvuta kadiri unavyozidi kununua. Uniti za LUKU, umeme wako wa malipo ya kabla, zitayeyuka mchana kweupe.

### Namba isiposogea kabisa

Hapa watu wengi hupoteza siku nzima. Kama una inveta yenye betri iliyowekwa isitoe umeme nje hata kidogo, namba ya gridi itakaa karibu na sifuri hata uwashe birika tano. Betri inafidia kila kitu, kwa hiyo tazama namba ya betri: ndiyo itakayoruka kwa wati 2,000.

Lakini kuna jambo zito zaidi ndani yake. Betri ikijaa, inveta hiyo haina pa kupeleka ziada, kwa hiyo inazibana paneli. Jua lipo, paneli zinaweza, ila ziada haionekani kwenye waya mkuu. Chaja inayosubiri kuiona ziada hiyo kwa CT itasubiri hadi magharibi. Nyumba nyingi za kwetu zimefungwa hivi makusudi, kwa sababu baadhi ya mita za malipo ya kabla huhesabu umeme unaorudi kama umeme uliotumia.

Ikiwa kabla ya sasisho ilikuwa ikifanya kazi, maana yake fundi alikuwa ameweka njia ya pembeni: chaja ilisoma kiwango cha betri kutoka kwenye inveta, na kuanza kuchaji betri ikifika, tuseme, asilimia 95. Tafuta kipengele hicho ukirudishe. Kama chaja yako haina uwezo huo, ratiba ya saa nne asubuhi hadi saa tisa alasiri kwa ampea 6 hadi 10 itakufaa kuliko hali ya sola yenye majina mazuri.

Pia tazama nani anapewa kwanza, gari au betri. Kipengele hiki kikirudi cha kiwandani, betri ya nyumba inaweza kuanza kumimina chaji yake ndani ya gari. Utagundua saa mbili usiku, gari limejaa na nyumba haina kitu.

## Hatua ya 10: Chomeka gari, kaa nalo dakika 15

Anza na ampea 6. Hicho ndicho kiwango cha chini ambacho chaja inaweza kuliruhusu gari, na kwa volti 230 ni kama wati 1,380. Ziada ikiwa chini ya hapo, hali ya sola pekee itasimama, na ni sahihi isimame. Kwa hiyo siku ya mawingu usiseme sasisho limeharibu chaja kwa sababu inaanza na kuacha. Ongeza muda wa kusubiri kwenye mipangilio, dakika chache tu, ili isishtuke kwa kila wingu.

Ukipandisha hadi ampea 32 na gari likavuta 15 tu, tazama gari kabla ya chaja. Nissan Leaf nyingi zilizotoka Japani zina chaja ya ndani ya kilowati 3 na kitu, nazo haziwezi kuvuta zaidi hata ukiziunganisha na mtambo wa umeme.

Gari likikubali kuchaji kwa umeme wa gridi lakini likakataa nyumba ikiwa kwenye betri peke yake, na chaja ikalalamikia ethi (waya wa usalama unaokwenda ardhini), usitafute toleo la zamani. Umeme wa gridi ukiondoka, inveta inatakiwa iunganishe nyutro na ethi yenyewe. Isipofanya hivyo, chaja inayojikagua vizuri itakataa kuchaji, na toleo jipya linaweza kuwa kali kuliko lililopita. Wapo watakaokushauri uzime ukaguzi wa ethi kwenye menyu. Usiuzime. Ndio unaokulinda mguu ukiwa kwenye sakafu iliyolowa na mkono ukiwa kwenye bodi la gari. Mwite fundi wa inveta.

Umefanikiwa ikiwa ampea zinapanda jua linapochomoza wazi na kushuka wingu likipita, bila kununua umeme wa kuhesabika.

## Ukiamua kumwandikia muuzaji

"Chaja haifanyi kazi" itakurudishia jibu la kukuuliza kama umejaribu kuzima na kuwasha. Tuma ujumbe mmoja wenye modeli kamili na namba ya utambulisho, toleo la awali na ulilotaka kuweka, saa ulipobonyeza, mtandao uliotumia, na umejaribu mara ngapi. Ambatanisha video ya sekunde 30 ya taa zinavyomweka, kwa sababu idadi ya kumweka na rangi yake ndiyo lugha ya chaja isiyo na skrini.

Wakiwa na uwezo wa kuisukumia chaja sasisho kutoka kwao, watakuomba uiache mtandaoni. Washa hotspoti uiache hapo juu ya chaja, uichomeke kwenye chaji, na umwambie kila mtu nyumbani asiichukue.